Lori la Saa Tisa

Kampuni ya kusafirisha mazao ilipowapa watu wa ng'ambo kazi ya kutengeneza mifumo yake ya kompyuta, Emiliana peke yake ndiye aliyebakizwa katika ofisi ya Makole. Meshack na Rose walifungasha vikombe vyao wakaondoka.

"Wewe utakuwa unakagua tu," meneja wao, Wilbert, alimwambia. "Wale ni nafuu, halafu wana kasi."

Kasi walikuwa nayo kweli. Linh, binti wa Vietnam aliyekabidhiwa kazi, alimaliza mfumo mpya kabla ya mavuno. Ulikuwa unawatumia wakulima ujumbe kuwajulisha lori la kubeba mahindi kwenda soko la Kibaigwa lingepita kwao saa ngapi. Emiliana aliujaribu, ukafanya kazi. Akageuka aseme, "Hebu njooni muone," akakuta viti vitupu.

Mahindi yalipoanza kutoka, simu ya ofisi ililia asubuhi.

"Hapo ni kwa watu wa lori?"

"Ndiyo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi Tereza, niko huku mbele ya Ihumwa. Mwanangu, mliniandikia saa tisa. Nimekaa barabarani na magunia mpaka jua likazama. Nimelala pale pale nayachunga. Lori lenyewe naambiwa lilipita jana asubuhi, mimi bado niko shambani."

Emiliana akafungua ujumbe ule. Lori lilipangiwa saa tatu asubuhi. Kwa saa za Linh hiyo ni tisa, na mfumo ukaandika tisa. Yeye alikuwa ameukagua kwa Kiingereza. Zamani ujumbe wa Kiswahili alikuwa akiusoma Rose, kwa sauti, huku wakicheka.

"Nisamehe, mama. Kosa ni letu. Kesho lori litakufuata hapo hapo."

Kisha akampigia Linh kwa video.

"Hakuna aliyeniambia kwamba saa zenu zinahesabiwa kuanzia alfajiri," Linh alisema.

"Si ungeuliza?"

"Nimuulize nani? Huku wenzangu nao wamepunguzwa. Nimebaki mwenyewe."

Emiliana akatazama nyuma ya yule binti. Meza zilikuwa tupu, na kiyoyozi kilikuwa kikipeperusha karatasi ukutani. Linh akaanza kurekebisha. Hawakuzungumza tena, ila hakuna aliyekata simu. Tangu siku hiyo wakawa wanaiacha wazi, kila mmoja akifanya kazi yake, na Emiliana akawa anasikia Linh akipiga chafya.

Alimwomba Wilbert amrudishe Rose, hata kwa nusu siku.

"Kosa si limesharekebishwa?" Wilbert akauliza. Baada ya mavuno akapata kampuni nyingine ya ng'ambo, nafuu zaidi.

Emiliana alimpigia Linh amuage. Akaunti yake ilikuwa imeshafungwa.

Jumatatu ukaingia ujumbe kutoka kwa mtu wa kampuni mpya, asiye na picha: "Habari za asubuhi, timu. Mpo?"

Nje pikipiki ilipita, ukimya ukarudi. Emiliana akaandika, "Tupo." Akafuta.

"Nipo," akajibu.