Chebo Akae Nje

Mdogo wangu Chebo ana nuksi. Si mimi ninayesema. Ni mtaa mzima, kuanzia dukani kwa Fellito mpaka kwa padri wetu, ambaye angepaswa kuona haya. Timu yetu ya besiboli, Korongo, ikiwa uwanjani na Chebo akaitupia jicho televisheni, Korongo wanafungwa. Asipoangalia, wana nafasi. Ndivyo wanavyosema, tena wanamwambia usoni huku wamemkumbatia, maana Chebo hana adui.

Ilianza kwa utani. Mwanangu Rolando, enzi hizo bado anavaa sare ya shule, alimwambia mjomba wake baada ya Korongo kupigwa mechi tatu mfululizo: "Mjomba, kesho kaa nje tuone." Chebo akacheka, akakaa nje, Korongo wakashinda. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tangu siku hiyo, msimu baada ya msimu, mtu anayeipenda Korongo kuliko sisi sote anakaa uani kwangu karibu na karo la kufulia, ameipa nyumba mgongo, anamenya mbaazi. Redio haruhusiwi. Matokeo anayajua kwa kelele zetu, na amekuwa fundi wa kelele hizo. Anajua kelele ya mpira uliopigwa mbali, anajua na ile ya mpira uliodakwa.

Mimi nilikuwa nakasirika, kisha nasahau, kisha nakasirika tena. Msimu huu sikusahau. Kabla ya Krismasi nilimpeleka kwa daktari wa macho, na daktari akasema presha ya macho imeshaharibu mishipa, wala hakuna dawa ya kurudisha kilichokwenda. Mvua za mwezi wa tano zikifika, Chebo atakuwa anatofautisha mwanga na giza, basi. Tulipofika kona ya soko ndipo aliposema, "Dada, ningependa niwaone wakishinda mechi kubwa. Mara moja tu. Kuona, siyo kusikia. Kabla macho haya hayajafunga duka."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Sasa ikaja Jumapili ya mechi ya kuamua nusu fainali, sisi na Mamba wa mji mkuu. Katika mechi zilizotangulia tulikuwa tumegawana ushindi sawasawa. Atakayefungwa alasiri ile anarudi nyumbani kulala, atakayeshinda anaingia fainali. Korongo hawajagusa fainali tangu baba yetu akiwa hai. Sebule yangu ilifurika, kwa sababu televisheni yangu ni kubwa na Rolando ameniwekea betri, umeme ukikatika sisi tunaendelea. Walileta viti vyao vya plastiki. Fellito alifunga duka akaja na bia za baridi. Yudelka, mke wa Rolando, alikuwa jikoni anakaanga soseji za salami na ndizi za kuponda, kila dakika anachungulia na mwiko mkononi.

Kila mtu alikaa pale alipokaa siku ya ushindi uliopita. Fellito alivaa soksi zilezile, hazijafuliwa, na tulizinusa wote. Ndiyo mambo yetu hayo. Mpira unachezwa mbali, vijana wale hawatujui hata kwa jina, lakini sisi tunaamini soksi ya Fellito ina kazi.

Mpaka raundi ya sita kati ya tisa tulikuwa tunaongoza, nne kwa moja. Nikatazama dirishani nikamwona Chebo amekaa na ungo wake magotini, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Nikatoka uani.

"Inuka," nikamwambia. "Twende ndani."

"Dada, acha mambo hayo."

"Nyumba ya nani hii?"

"Yako."

"Televisheni ya nani?"

"Yako, dada. Lakini tunaongoza nne. Nimesikia."

"Ndiyo maana nakuita sasa. Hata ukiwa na nuksi ya makaburini, huwezi kula pointi tatu. Inuka kabla sijakubeba."

Nilimshika mkono nikamwingiza. Rolando akasimama kama aliyeona polisi.

"Mama, usitufanyie hivi."

"Nimefanya nini? Mjomba wako amekuja kuangalia mpira. Mpishe."

"Mjomba, sisi tunakupenda, unajua..."

"Najua, mwanangu," Chebo akasema. "Mimi mwenyewe nimemwambia, hasikii."

"Bi Nurys," Fellito akasema kwa sauti ya msibani, "tumekukosea nini?"

Nikamkalisha Chebo kwenye kiti cha bembea cha marehemu baba, mbele kabisa. Akashika mikono ya kiti, akasogeza uso mbele. Nilimwona anatabasamu. Kwa dakika hiyo moja nilikuwa na furaha, nasema kweli.

Mrushaji wetu akarusha. Mpigaji wa Mamba akaupata mpira katikati ya gongo, ukapita juu ya vichwa vya wote. Mwingine akaja, akapiga. Wa tatu naye. Kabla Yudelka hajageuza ndizi upande wa pili, Mamba walikuwa wamepata pointi tatu na mambo yakawa nne kwa nne.

Afadhali wangesema kitu, ningewajibu, mdomo ninao. Rolando alikuwa anaangalia dari. Fellito alikuwa anaangalia soksi zake. Nilimwona Yudelka ametoka jikoni polepole, akachukua ufagio, akausimamisha kichwa chini nyuma ya mlango. Kwetu ndivyo anavyofukuzwa mgeni asiyetaka kuondoka, bila kumwambia neno. Nilimkazia macho, akajifanya anafuta meza.

Raundi ya nane Mamba wakaongeza moja. Tano kwa nne. Nikasema moyoni ni bahati tu, wale vijana wamechoka, mrushaji ana bega bovu, Chebo anahusika vipi? Lakini nitasema lililo kweli: kila Chebo alipojisogeza kwenye kiti, nilitamani afumbe macho. Sijui kutamani huko kulitoka wapi. Hakukuniomba ruhusa.

Korongo walipoingia kupiga kwa mara ya mwisho, Chebo akainuka.

"Unakwenda wapi?" nikamshika shati.

"Nje."

"Kaa chini. Umesubiri miaka yote hii."

"Dada, niachie."

"Huu ni upuuzi, Chebo. Mpira uko kule, wewe uko hapa."

"Inawezekana ni upuuzi," akasema. "Lakini tukifungwa mimi nimekaa hapa, utanitazama vipi kesho?"

Shati likatoka mkononi mwangu, sijui kama alilivuta au nililiachia. Watu wakampisha njia, mmoja akampigapiga begani. Mlango wa uani ukafunguka, ukafungwa.

Mpigaji wetu wa kwanza akatolewa. Wa pili akafika kituo cha kwanza kwa bahati. Wa tatu akatolewa. Wakitolewa watatu zamu imekwisha, kwa hiyo akitolewa mmoja tena tumekwisha. Wa nne akapiga kimpira cha ovyo kikapita katikati ya miguu ya mchezaji wao, tukawa na mtu kituo cha pili na mwingine cha tatu. Akaingia Amauris Tejeda, kitoto cha juzi, ndevu hazijaota.

Akarushiwa wa kwanza, akapiga hewa. Wa pili, hewa. Sasa akikosa mmoja tu, basi. Fellito alikuwa amepiga magoti. Rolando alikuwa ameuma kola ya fulana yake. Mimi nilikuwa nasali, na nikajishtukia ninachosali: Mungu wangu, Chebo asigeuke. Asichungulie. Abaki hukohuko.

Tejeda akapiga. Haukuwa mpira wa maana, ulikuwa wa juu na wa uvivu, ukawa unashuka kati ya wachezaji wao watatu, kila mmoja akidhani mwenzake ataudaka. Ukaanguka kwenye majani. Mtu wetu wa kituo cha tatu akaingia, wa kituo cha pili akaja mbio, akajitupa kifua mbele, akaligusa kwa kucha bamba la nyumbani, pale pointi inapohesabiwa. Sita kwa tano.

Sijui nilivyofika juu ya kiti. Masufuria yalikuwa yanagongwa mtaa mzima, pikipiki zinapiga honi, Yudelka ananibusu na mafuta yake. Kisha Rolando akapiga kelele, "Mjomba!" na wote wakamiminika uani.

Walimbeba juu. Nawaambieni, walimbeba kana kwamba yeye ndiye aliyepiga ule mpira. Walimmwagia bia kichwani, mbaazi zikamwagika zikakanyagwa, na Fellito analia anasema, "Ahsante, Chebo, ahsante kaka, ahsante kwa kutoka!" Walikuwa wanamshukuru kwa moyo mweupe. Chebo alikuwa anacheka, maji ya bia yanamtiririka kwenye macho yale.

"Nani kapiga? Semeni, nani kapiga?"

"Tejeda!"

"Yule mtoto? Wacha wee!"

"Njoo uone, mjomba, wanarudia! Mechi imekwisha, sasa huwezi kutudhuru!"

Wakamrudisha ndani, wakamweka mbele ya kioo, pua karibu iguse. Televisheni ikarudia lile pigo polepole. "Unauona, mjomba? Unauona unavyoshuka?" Na Chebo akasema, "Nauona! Lo, mpira mtamu huo!" Akapiga makofi. Lakini mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake. Macho yake yalikuwa yameelekea kwenye kona ya chini, penye tangazo la rangi za nyumba, na alipiga makofi baada ya wenzake kupiga.



Kesho yake asubuhi wakaja. Fellito mbele na keki, Rolando nyuma yake na chupa za kinywaji cha shayiri, na wengine wawili waliobaki mlangoni kwa aibu. Walivaa vizuri kama wanaokuja kuposa.

"Bi Nurys, Chebo," Fellito akaanza, "tumekaa kama wanamtaa. Fainali inaanza Jumatano. Jana, tusifichane, alikaa ndani kidogo tu na tuliona tulichokiona. Sasa tukafikiri, uani ni karibu mno. Mimi nina binamu yangu kule milimani, mtu mwema, ana kahawa na ng'ombe, umeme haujafika, simu haishiki. Hali ya hewa nzuri. Tulikuwa tunaomba, kama haitakuwa vibaya..."

"Nitakwenda," Chebo akasema. Hakumngoja hata amalize.

"Haendi popote!" nikasema. "Fellito, chukua keki yako kabla sijakuvika kichwani. Na wewe Rolando, nimezaa mtoto au nimezaa nini? Mnamfukuza mtu kwao kwa ajili ya gongo na mpira? Tokeni!"

Walitoka. Keki waliiacha. Chebo akanivutia kiti.

"Kaa, dada. Utapandisha presha, tuwe wawili."

"Jana hukuuona mpira," nikamwambia.

"Hapana."

"Ulipokuwa kwenye kiti cha baba je?"

"Niliona majani ya uwanja. Niliona watu, vivuli vyao. Mpira siuoni tangu Krismasi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenifanyia nini?"

Hakuwa anauliza kwa ukali. Alikuwa anauliza kweli. Nilikuwa nimemwingiza ndani kwa nguvu aje aone kitu ambacho kilishaondoka, na alikuwa amekaa pale akitabasamu ili nisijue.

"Basi usiende huko milimani," nikasema. "Kama huoni, hata hiyo nuksi haipo tena. Kaa na sisi. Nitakusimulia kila mpira, neno kwa neno."

Chebo akanishika mkono. Aliutafuta kidogo mezani kabla hajaupata.

"Dada, nyinyi mkiwa ndani mnafanya nini? Mnapigia kelele kioo. Hakuna mchezaji anayewasikia. Mimi nikikaa mbali, wanashinda. Jana umeona mwenyewe. Katika mtaa huu wote ni mimi tu ninayecheza." Akafuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Usinitoe kwenye timu."

Nilitaka kumwambia kwamba huo ni ujinga, kwamba mpira uko kule na sisi tuko hapa. Nilikuwa nimeshamwambia jana, na jana ileile nilisali asigeuke.

Nikaenda kuwasha pasi, nimnyooshee mashati ya safari.