Gauni la Mlango wa Nyuma

Duka la Mama Vazi lilikuwa na milango miwili. Mlango wa mbele uliuza: blauzi, suruali, sketi za ofisini. Waliopita huko walipapasa kitambaa, wakauliza bei, wakasema "narudi sasa hivi", na hiyo sasa hivi yao mpaka leo haijafika. Mlango wa nyuma ulikodisha, na huo ndio uliowalisha. Maana hebu niambie, nani mwenye akili zake anunue gauni la kuvaa siku moja, kisha liozee kabatini? Watu walilijua hilo vizuri sana. Kulisema ndiko kulikowashinda. Mtu angekiri kuumwa minyoo kabla hajakiri kwamba nguo aliyovaa harusini ni ya kukodi.

Kwa hiyo Mama Vazi alijiwekea sheria: mlango wa nyuma hauulizi jina. Ukiingia unabandikwa jina la utani, unaacha amana, unaondoka na mfuko mweusi. Mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa duka, hakuipenda sheria hiyo hata kidogo.

"Dada, iko siku itatutokea puani," alisema.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," Mama Vazi alimjibu. "Kata haisemi, na sisi hatusemi."

Na katika yote waliyokodisha, lililobeba duka lilikuwa gauni moja la harusi, rangi ya maziwa. Fundi alilishona kwa mkono wake mwenyewe, mgongo mzima ua la lesi juu ya ua la lesi, mpaka macho yakamuuma. Hakukuwa na la pili mjini. Maharusi walilingojea kwa zamu. Bila gauni lile kodi ya duka isingelipika, na wote wawili walilijua hilo bila kuambiana.

Basi Jumamosi moja asubuhi akaingia Bi Hereni, mteja wa siku nyingi, masikio yamelemewa dhahabu ya bandia. Alifuata vazi lake la zambarau.

"Leo ndiyo leo!" akasema, akijizungusha mbele ya kioo. "Kijana wangu anaoa. Na wewe shoga yangu umenisitiri sana. Mwaka jana binti yangu na gauni lako la lesi, leo mimi. Picha yake nimeitundika sebuleni, kubwa kama dirisha! Kila mgeni namwambia tulimshonea, na gauni lenyewe liko sandukuni kwangu." Akacheka mpaka hereni zikalia.

Mama Vazi naye akacheka, kwa kuwa mteja akicheka nawe unacheka. "Na mkwe, umempata wa wapi?"

"Anauza dawa pale duka la dawa la stendi. Mwembamba, mpole, anapenda kupepesa macho. Kwao hawana kitu, lakini sawa. Tutaona leo atavaa nini."

Kicheko kikamkauka Mama Vazi mdomoni. Mwembamba, mpole, anayepepesa macho, muuza dawa wa stendi. Yule ni Kipepeo, ndilo jina walilombandika mlango wa nyuma! Na Kipepeo alilichukua gauni la lesi jana jioni, akimshika mikono na kumsihi, "Mama, mtu yeyote asijue. Hasa mama mkwe. Ni mtu wa majivuno, atanidharau maisha yangu yote."

Laiti angeuliza majina! Bi Hereni alipotoka tu, Mama Vazi akaketi juu ya furushi la nguo.

"Ukumbi mzima umeiona ile picha," alimwambia mdogo wake. "Yule mtoto akiingia tu, watasema kavaa nguo ya wifi yake. Watauliza kaipata wapi. Wataanza na yeye, watamalizia na sisi."

"Mwambie basi avae nyingine."

"Nimwambie kwa sababu gani? Nikisema, nimemvua nguo Bi Hereni. Nikienda kwa Bi Hereni, nimemvua Kipepeo. Nitamvua nani, wewe?"

Fundi alichukua gauni jingine, la satini, akalikunja kwenye mfuko, na wote wawili wakatoka mbio.

Waliulizia duka la dawa la stendi, wakamkuta bibi harusi chumbani kwa shangazi yake, ameshavishwa, anang'aa. Alivyopendeza! Mama Vazi alitamani kulia. Badala yake akaufungua mfuko.

"Mwanangu, nimekuletea hili. Litakukaa vizuri zaidi."

Kipepeo akaitazama satini, kisha akamtazama yeye. "Kwa nini?"

"Niamini tu."

"Kuna aliyekupa zaidi," shangazi akadakia, mikono kiunoni. "Semeni! Mmepata tajiri, ndiyo mnakuja kumvua mtoto wa watu siku ya harusi yake. Hamna haya!"

"Wallahi si hivyo, shangazi."

"Basi ni vipi?"

Neno lilimfika Mama Vazi kwenye ncha ya ulimi. Lingetoka mara moja tu, na mtoto huyu angeokoka. Lakini mwanamke mwingine naye alilala usiku akiamini mlango wa nyuma hausemi. Akalimeza, nalo likamshuka kama kidonge bila maji.

"Si kitu," alisema. "Ni wasiwasi wangu."

"Kama unahofia litachafuka, njooni ukumbini mkae nyuma mlilinde," Kipepeo alisema, machozi yakimlengalenga. "Mimi silivui."

Wakaenda, wakakaa nyuma. Mama Vazi hakugusa soda wala chakula. Kila mlango ulipolia alishtuka. Akaomba umeme ukatike, akaomba mvua, akaomba hata homa imkamate palepale. Wapi! Taa ziliwaka zote, na muziki ukapigwa, na maharusi wakaingia.

Vigelegele vilianza vizuri, kisha vikapungua upande wa kwa bwana harusi. Vichwa vikaanza kuinamiana. Mtu mmoja akanyoosha kidole waziwazi. Binti wa Bi Hereni, aliyeketi mbele, aliacha mdomo wazi. Kipepeo alihisi macho yale yote yakimganda mgongoni asijue kosa lake, akaanza kutembea vibaya.

Bi Hereni akasimama. Mama Vazi akamshika mdogo wake mkono mpaka kucha zikaingia. Bi Hereni alikwenda moja kwa moja kwa mshereheshaji, akampokonya kipaza sauti.

"Mnashangaa nini?" akauliza. "Ndilo! Ni lile lile la binti yangu. Nimelitoa sandukuni kwa mkono wangu. Huyu si mkwe, huyu ni mwanangu, na mwanangu hawezi kuvaa nguo ya watu wakati ya nyumbani ipo. Wadogo zake watalivaa, na wajukuu zangu watalivaa. Gauni hili halitoki katika nyumba yangu!"

Ukumbi ulilipuka. Wanawake walilia. Shangazi alimkumbatia Bi Hereni, akisema hajawahi kuona mama mkwe wa namna hiyo. Na Mama Vazi, jamani, naye akajikuta amesimama, anapiga kigelegele na wenzake, kwa kuwa angebaki ameketi angeulizwa.

"Dada," fundi akanong'ona, uso umemshuka, "Jumamosi ijayo kuna mtu ameshaacha amana."

"Najua."

"Nimelishona miezi mingapi lile?"

"Najua, mdogo wangu. Piga makofi."

Maharusi walipopita kusalimia meza za nyuma, Kipepeo aliinama kama anayembusu Mama Vazi. Alishaelewa. "Mama," alimnong'oneza, "nitalirudishaje sasa?"

Nyuma yake tu alisimama Bi Hereni, anatabasamu kwa meno yote, ila macho yanaomba. Mama Vazi akalitazama ua moja la lesi lililokuwa karibu na mkono wake, akalinyoosha.

"Urudishe nini, mwanangu?" akasema kwa sauti, meza nzima isikie. "Nguo si ya kwenu?"