Bakuli la Mtaa Mzima

Kidonda kilinuka hata kabla bandeji haijaisha kufunguliwa. Dhikra, muuguzi aliyefunga vidonda katika zahanati hiyo ya nje ya mji wa Sidi Bouzid kwa miaka kumi na moja, aligeuza uso, akageuka tena. Rihab, mtoto wa miaka minane, alitulia kitini. Kidonda cha kuumwa na usubi kilichoanza kama chunusi pembeni mwa pua yake sasa kilikuwa kimekula ukingo wa tundu la pua, na juu yake usaha wa kijani umeganda na uchafu mwingine wa kahawia. Kinyaa kitupu!

"Bibi, umempaka nini huyu mtoto?"

"Dawa yenu," alisema Bi Haniya, bibi yake Rihab. "Si mlitupa wenyewe?"

"Dawa yetu nyeupe. Hii ina rangi ya kinyesi cha ng'ombe!"

Bi Haniya akacheka, akaeleza bila wasiwasi wowote. Siku ya kwanza ya utafiti wa dawa hiyo si Dhikra mwenyewe aliwasomea karatasi, kwamba nusu ya tyubu zina dawa na nusu mafuta matupu, na hakuna ajuaye nani kapata nini? Wanawake wa mtaa wakaona huo si uungwana. Kila Ijumaa wakazikamua tyubu zote kumi na nne kwenye bakuli moja, wakatia hina na mafuta ya zeituni, wakagawana.

"Mtoto wa jirani apone, wangu aoze? Sisi si watu wa hivyo, mwanangu."

"Na mnachota kwa nini?"

"Kwa kidole. Kwani watu huchota kwa nini?"

Dhikra akakiona kile kidole kikitoka kidondani, kikirudi bakulini, kikienda kwenye kidonda cha mtoto mwingine, wiki saba nzima. Akatoka mbio kumwita Daktari Mongi, mwenye utafiti huo.

Daktari alikuja, akachungulia pua, akasikiliza habari ya bakuli. Kisha akamvuta Dhikra hadi koridoni.

"Hilo bakuli hatujalisikia," alinong'ona. "Nikiwatoa hao kumi na wanne, utafiti umekufa. Msafishe, nimpige picha kwa upande wa kushoto. Hapo panapendeza."

Panapendeza! Dhikra aliona kinyaa, na safari hii wala si kwa sababu ya usaha. Kidonda cha usoni hakikutakiwa kuwemo utafitini tangu mwanzo; hicho hutibiwa kwa sindano. Daktari alimwingiza Rihab kwa kuwa idadi haikutimia, na yeye Dhikra, mjuzi wa vidonda, akaona na kunyamaza. Alijichukia kupita kiasi.

"Rihab anatoka leo," alisema. "Na bakuli naliandika."

"Dhikra, usiniharibie kazi."

"Kazi gani, Daktari? Pua ya mtoto ndiyo imeharibika!"

Akamwacha pale pale, akarudi ndani, akakishika kidevu cha Rihab ili amsafishe.

"Bibi, una haki ya kumtoa mjukuu wako kwenye utafiti. Ukimtoa, nampiga sindano."

"Hiyo sindano inaponya?"

"Kidonda kitapona. Pua haitarudi ilivyokuwa."

Bi Haniya aliitazama ile pua. "Nimemtoa. Mpige."

Dhikra akanyoosha mkono wa pili, akafungua kabati lililokuwa nyuma ya kiti, akatoa kichupa.

"Imeletwa leo?" aliuliza Bi Haniya.

Angeweza kudanganya. "Hapana, Bibi. Ilikuwemo tangu siku ya kwanza."

"Humu? Nyuma ya kiti anachokalia kila Alhamisi?"

"Humu."

"Mimi nilitia hina kwa kutojua," alisema Bi Haniya. "Wewe je?"

Mwanamke yule mzee akautazama mkono wa Dhikra ulioshika kidevu cha mjukuu wake, akauondoa kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayetoa nzi kwenye mchuzi.

"Piga sindano," alisema. "Kidevu nitakishika mwenyewe."