Kamba ya Koko Berthe

Batu yangu, hii hamutaiamini, mais niko nayo kwa telefone, photo na vidéo!

Nilitoka Beni asubui kwenda Butembo, kule Vulamba, kufilme machine za kushona za zamani. Kuko fundi mumoja, koko Berthe, bibi muzee, anashonaka tangu wakati usine za bikwembe, viwanda za vitenge za inchi yetu, zilikuwa zinatumika.

Nilimukuta kwa machine yake nyeusi ya miguu. Mi, telefone juu!

"Mutoto, hiyo kitu yako hailalaki?"

Nikacheka. Alafu akafungua sanduku, akatosha kamba ya vitambaa, imeviringwa, munene kama kichwa ya mbuzi!

"Kila kikwembe nilishona, nilikata ile kando kwenyi usine inaandikaka jina yake, nikaishona kwa ingine. Usine mingi zilikufa. Majina njo haya."

Mi nafungua, nasoma, nafilme... mupaka nafika kwa mabawa ya kijani juu ya manjano. Moyo, pa! Nikatafuta photo ya mama yangu Rébecca. Alikufa niko na myaka mbili, hakuna nguo yake ilibakia. Kwa photo amevaa nini? Ndege za kijani juu ya manjano!

Koko akavuta telefone mupaka kwa miwani.

"Hii kola nilishona mi! Mwanamuke wa Beni, alikuwa anacheka kama weye. Sikushonaka hii kikwembe kwa mutu mwingine. Njo yake."

Nikaruka! Nikalia!

"Koko, unipatie, tafazali!"

Akashika kamba kwa mikono mbili.

"Ya ile usine niko nayo moja tu. Ikitoka, nani atajua kama ilikuwaka?" Kisha akaniwekea makasi kwa mukono. "Mais ni mama yako. Kata weye."

Nilishika ile kitambaa, nikainusa. Alafu nikainama, nikakata kando ya kikwembe yenye mi nilivaa!

"Koko, shona hii juu ya ile ya mama. Tukuwe pamoja."

Akaisoma. "Chine! Unaniletea kikwembe ya Wachina, yenye iliua usine zetu!" Mais miguu yake ilikuwa imeshaanza, taka-taka-taka.

Nilirudia Beni na kikwembe ya kukatika. Tante Élise, dada ya mama, ananiita mujinga: yeye, anasema, angekata ya mama na angekimbia nayo.

Na weye, makasi kwa mukono, ungefanya nini?