Sahani ya Sabuni ya Meneja

Garissa ya miaka ile ya majambazi, jua likizama tu, dereva mwenye akili zake alifungua boneti ya gari akachomoa rota, kile kidude kidogo cha ndani ya distribyuta, akaenda nacho nyumbani mfukoni. Mwizi angekuja, angewasha gari mpaka achoke. Ni jambo la busara, na Khadra, karani wa ofisi, hakuwa na neno nalo. Neno alikuwa nalo juu ya Bwana Musembi, meneja wa mradi wa chanjo ya mifugo, aliyeiona busara hiyo ya gari akaihamishia kwenye kompyuta.

Ilikuwa laptopu kuukuu. Wafadhili walikuwa wameichoka huko kwao, wakaileta huku ikaitwa msaada. Musembi aliibeba katika kila mkutano, akaifunua mbele ya watu, akakaa nayo hapo bila kuiwasha, kwa sababu kuiwasha hakujua. Kazi iliyokuwa ndani ni ya Khadra. Wakati wa mvua za El Nino, mbuzi na ng'ombe walipokuwa wakifa kama nzi, yeye ndiye aliyekaa akaingiza jina la kila mfugaji na idadi ya wanyama wake waliochanjwa, toka Hulugho kuja juu. Mchango wa meneja ulikuwa mmoja. Kila jioni alivuta ule utepe wa chini ya mashine, diski ikateleza nje pamoja na kifremu chake, akaitia mfukoni mwa koti. Halafu akalipigapiga koti na kusema, "Rota."

Asubuhi moja aliingia ofisini bila kulipigapiga koti. Diski haikuwepo.

Mtu mwingine angesema nimeipoteza. Musembi akaita kamati ya wafugaji. Wazee wakaketi, miongoni mwao Mzee Kerrow, ndugu wa baba yake Khadra, ambaye ndiye aliyemdhamini msichana huyo apate kazi. Mbele yao wote, kwa sauti ya kusikika mpaka uani, meneja akasema diski aliiacha mezani kwa Khadra, na kwamba Khadra ameiuza kwa wachuuzi wa Mandera. Mchuuzi wa Mandera ana haja gani na hesabu ya mbuzi waliochanjwa, hilo hakulieleza.

Khadra aliomba Kurani, akaapa. Kisha akaomba na meneja aletewe Biblia yake.

"Meneja haapishwi kama mwizi wa kuku," Musembi alisema, akafunga mkutano.

Nje, Kerrow alimwambia Khadra maneno machache. Wageni wa mradi, wale wafadhili, wakifika na doa hili bado liko, atarudi naye kwao Kutulo, kwa maana yeye hawezi kukaa barazani na watu huku binti wa ndugu yake anaitwa mwizi. Khadra alimjua ami yake. Angemrudisha kweli, na hakuna ofisi nyingine ambayo ingemchukua tena.

Ndipo akaja fundi kutoka Nairobi, kijana aliyeitwa Mwenda, na diski mpya ndani ya mfuko wa plastiki. Wageni walikuwa wafike kesho yake. Musembi, asiyeweza hata kupiga chafya bila hadhira, akaiita kamati tena ije ishuhudie maendeleo.

Mwenda aliigeuza mashine, akachungulia lile tundu tupu, akaguna.

"Kifremu kiko wapi? Diski haikai hivihivi. Inafungwa kwa skrubu kwenye kifremu cha alumini, na hicho ndicho chenye soketi. Aliyechukua diski alienda nacho. Nikiagiza Nairobi, labda mwezi ujao."

"Mwezi ujao? Na wageni?" Musembi alijikuna shingo. "Kifremu gani? Kile chenye matundumatundu?"

"Hichohicho."

"Aa, ngojeni," akasema meneja, na akatoka mbio kuelekea kota yake.

Khadra alimtazama ami yake, na ami yake alikuwa ameacha kutafuna kijiti cha mswaki.

Musembi alirudi anahema, amefurahi kama aliyeokota pochi, akakiweka kifremu mezani. Kilikuwa kimelowa. Matunduni mlikuwa na sabuni ya mche iliyogandamana.

"Hebu lete hapa," alisema Kerrow. Alikinusa, akampa mwenzake. Mwenzake akakinusa, akampa aliyefuata. Kikazunguka kamati nzima, kutoka pua hadi pua, na kila mzee alimtazama meneja alipomaliza.

Hapo tu ndipo Musembi alipofahamu alichobeba.

"Ni mke wangu," alisema. "Alifua koti bila kuangalia mifuko. Diski ilikufa, nikaitupa chooni. Hiki nikaona kinafaa kuwekea sabuni."

Mkewe naye akabebeshwa lawama. Khadra alimdharau wakati huo kwa dharau safi, isiyo na hasira ndani yake. Hasira ungemwekea mtu mzima.

Mwenda alikwangua sabuni, akakausha soketi kwa spiriti, akafunga skrubu na kusukuma diski ndani. Baada ya kuipakia programu zake, mashine ikawaka. Musembi alivuta pumzi, akamgeukia Khadra kana kwamba mambo yameisha.

"Haya, fungua ile ripoti tuione."

"Ripoti iko chooni kwako, bwana. Hii ni diski mpya, haina kitu." Khadra alikaa vizuri kitini. "Kadi za wachanjaji, zile nilizonakili, ninazo. Naweza kukesha nikaiandika upya kabla wageni hawajafika. Lakini kwanza sema hapahapa, kama ulivyosema siku ile."

Meneja alitazama sakafu. "Khadra hakuiba," akanong'ona.

Kerrow, anayesikia mbuzi akikohoa ng'ambo ya boma, aliweka kiganja sikioni. "Mimi mzee. Sikio yangu mbaya. Sema ingine."

"Khadra hakuiba."

"Wallahi sisikii. Siku ile ulikuwa na sauti kubwa."

Musembi akalisema kwa sauti. Uani, madereva waliokuwa wakichomoa rota zao waligeuka, wakamsikia vizuri.

Khadra alivuta kadi za kwanza, akaanza kuandika.