Kuku wa Mayai

Dobi alikuwa na kuku mmoja tu, lakini kuku huyo ndiye aliyemsimamisha binti yake. Muuguzi hakumficha: "Mtoto hana damu. Mpe maharage, majani, na yai kila ukiweza. Si lazima nyama."

Nyama yenyewe angeitoa wapi, kwa kufua nguo za watu? Akapanda mchicha kwenye ndoo mbovu uani, akafuga kuku. Taratibu mtoto akaanza kuruka kamba.

Siku moja dobi alirudi na beseni kichwani, akakuta manyoya yametapakaa. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuja kulala siku mbili akaota mizizi, alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, sufuria inatokota. Mchicha wote ulikuwa umeng'olewa.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Tumechoka kula majani kama mbuzi. Leo wanaume tunakula."

Beseni likamtoka. Akamkaba shati. Shemeji akamzaba kofi lililompasua mdomo, akaanguka, akapigwa teke la mbavu. Mtoto akatoka mbio akamng'ata mguu yule baba yake mdogo. Akabamizwa ukutani kama nguo mbichi.

Hapo ndipo dobi alipochomoa mchi kwenye kinu. Pigo la kwanza lilitua mkononi, mfupa ukalia kama kuni kavu. La pili gotini. Shemeji akaanguka akimlilia mama yake.

La tatu lilikuwa la kichwa, ila mchi ulidakwa kwa nyuma. Mumewe alikuwa ametoka kibaruani.

"Niache nimmalize!"

"Kaka, mkeo ananiua!"

Mume akamnyang'anya mchi. Dobi akajikunja, akijua sasa ni zamu yake. Lakini mume alikuwa anamtazama mtoto, damu inamchuruzika puani.

"Nani kampiga?"

Mtoto akamnyooshea kidole baba yake mdogo. Mume akautupa mchi, akamburuta mdogo wake kwa ukosi hadi nje, na pale mlangoni akampiga ngumi ya mdomo, na nyingine, mpaka majirani wakamshika. Hao ndio waliompeleka majeruhi hospitali. Shemeji hakurudi tena pale nyumbani.

Jioni ile dobi alilitafuta ini ndani ya sufuria, akalipondaponda na maharage. Alipoanza kumlisha, kijiko kikagonga meno ya mtoto. Mume akakichukua, akalisha yeye.

"Mama, yai kesho?" mtoto akauliza.

Dobi akageukia ukuta, akalia.