Neno la Mama Lililokatika

Daktari alitaka sahihi kabla ya saa saba mchana, na sasa ilikuwa saa nne na nusu. Karatasi ilikuwa mapajani mwa Chaki, pale kwenye benchi la nje ya wodi, kalamu mkononi. Wala usidhani hajui kusoma. Alielewa kila neno: mguu wa kushoto wa mama yake, chini ya goti, ukatwe.

"Tusipokata, sumu ya kidonda itapanda," daktari alimwambia bila kumung'unya maneno. "Tukikata, sina hakika moyo wake utastahimili. Mimi ningekata. Lakini mama ni wenu."

Chaki ni fundi cherehani, na jina alipewa na wateja kwa ile chaki isiyobanduka nyuma ya sikio lake. Kanisani ana sifa nyingine: mwombaji. Mtu akiposwa, akitaka kuhama kazi, akigombana na wakwe, hukimbilia kwa Chaki. Naye hufumba macho, akatikisa kichwa, akasema, "Nimeonyeshwa." Ukweli, jamani, mara nyingi hakuonyeshwa kitu. Alitumia akili yake tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Chaki alikuwa ameyabeba makanda mengi bila kutoka jasho.

Leo aliomba tangu alfajiri. Aliomba kwa kupiga magoti, aliomba kwa kutembea, aliomba chooni kwa kuwa ndiko kulikokuwa na mlango wa kufunga. "Baba, nipe hekima. Neno moja tu." Akafungua Biblia ovyo ovyo, jambo analowakataza wengine, akaangukia orodha ya watu waliozaana tangu enzi. Akafungua tena, akakuta vipimo vya hema. Kwa fundi vipimo si haba, ila hivi havikusema lolote juu ya mguu.

Simu ikalia. Alikuwa kaka yake mkubwa, dereva wa malori, yuko safarini mwendo wa siku mbili kutoka nyumbani.

"Bado hujatia sahihi, dada?"

"Bado, kaka."

"Usitie. Mama mwenyewe alishasema. Wasia ni wasia."

Mkasa ulikuwa hapo. Juzi, muda mfupi kabla kiharusi hakijamwangusha na kumfunga ulimi, mama alimpigia Chaki simu. Neno lake la mwisho lilikuwa "Usinikat", likaishia hapo. Kaka alishikilia kuwa ni usinikate: mama alishaambiwa kliniki habari za ule mguu, na kisu alikiogopa kuliko kifo. Shangazi akasema la, ni usinikatie tamaa, basi akatwe apone. Ndugu wakagawanyika kwa neno lisilofika mwisho, kisha wote wakamgeukia Chaki. Wewe ndiye uliyesikia, wewe ndiye mwombaji, muulize Mungu.

Hakuna aliyemwuliza neno lilikatikaje. Waliamini ni kiharusi, naye akawaacha waamini hivyo.

Saa sita akarudi chooni, akafunga mlango. Safari hii hakuanza na sifa. "Baba," akasema, na maneno yakamwishia. Akasimama akitazama bomba linavyodondosha maji. Hakusikia sauti wala hakuona kitu. Alichokikuta katika kile kimya ni juzi yenyewe, dukani: bi harusi amesimama juu ya kiti, gauni limejaa pini, Chaki ana pini mbili mdomoni na simu ameibana begani. Mama anaeleza kichwa kinavyomgonga.

"Mama, nina mteja, nitakupigia."

"Mwanangu, usinikat..."

Naye akakata.

Usinikatie simu. Basi, ndilo hilo. Halikuwa wasia wala unabii, alikuwa mama mgonjwa anayetaka kusikilizwa dakika mbili. Chaki alilia mpaka mtu akagonga mlango.

Alipotoka alimpigia kaka yake akamweleza yote, bila kujitetea. Upande wa pili injini ya lori ikazimwa.

"Kwa hiyo mama hakusema lolote juu ya mguu," kaka akasema.

"Hakusema."

"Na Mungu?"

"Hajaniambia kitu, kaka. Nimeomba hekima, nimepewa aibu."

"Sasa tufanye nini?" Jitu zima lile, linalogombeza watu barabarani, lilikuwa na sauti ya mtoto.

"Sijui. Daktari angekata. Mimi naogopa yote mawili."

Muuguzi akachungulia, akaonyesha saa ya ukutani. Zilibaki dakika kumi. Chaki akaiweka karatasi vizuri juu ya goti.

"Kaka, wananiita."

"Usikate."

Kalamu ikasimama. "Mguu au simu?"

"Simu," kaka akasema. "Ya mguu sijui, dada. Simu usikate."

Hakuikata. Aliibana begani kama alivyozoea, akaandika jina lake lote pole pole, huku kaka akipumua sikioni mwake. Karatasi akampa muuguzi. Kisha akaingia wodini, akainama, akamwekea mama simu sikioni, na yeye akasogeza kichwa karibu ili wasikie wote. Macho ya mama yalikuwa wazi, yametazama dari, na hapakuwa na wa kusema kama anawajua.

"Mama," Chaki akasema, "sina mteja. Nakusikiliza."